Ngome na Watu wa Chini Yake

Ngome ya Mutrah, Maskati, imekaa juu ya jabali jeusi, mkono wa kulia ukitoka sokoni kuelekea baharini. Si kubwa. Ukiwa chini, kwenye njia ya pwani, unaziona buruji zake za duara na ukuta unaoufuata mgongo wa jabali, na mahali pengine mawe ya mjenzi na mawe ya Mungu yameshikana hata huwezi kusema haya yameishia wapi na yale yameanzia wapi. Unapanda kwa ngazi za mawe, nyembamba na kali. Nyuma yako iko milima mikavu isiyo na jani. Mbele yako iko Ghuba ya Oman, na jua likishapanda kidogo, maji yote yale yanameta hata macho yanauma.

Aliyenipandisha huko ni shangazi yangu. Ni dada wa baba, alizaliwa Mombasa, akaolewa Unguja, na miaka ya 1970, Sultani Qaboos alipowaita Waomani waliotawanyika nje warudi kuijenga nchi, mumewe aliitikia wito, wakahamia Maskati. Kiswahili chake bado ni kile cha Mji wa Kale, ila kimechanganyika na cha Unguja, na akihesabu pesa huhesabu kwa Kiarabu. Magoti yake si ya ujana tena. Nilipomwomba tukae kidogo tuvute pumzi, aliniambia, "Tukikaa, mwanangu, hatuinuki. Twende polepole hivi hivi." Tukaenda polepole hivi hivi, mpaka juu.

Mandhari ya pale yanastahili jasho lake. Chini yako ni ghuba iliyopinda, na nyumba nyeupe zenye vibaraza vya mbao zimepangana ukingoni. Hiyo ni bandari ambayo kwa karne nyingi ilipokea majahazi kutoka Bara Hindi, Uajemi na kwetu. Shehena za biashara zilihamishiwa Sohar mwaka 2014, na sasa Mutrah inapokea zaidi meli za watalii. Lakini ukikaa pale ukutani kwa muda, ukasahau meli za watalii, unaelewa mara moja kwa nini Mreno alilitaka jabali lile. Hakuna chombo kitakachoingia kwenye ghuba ile bila kuonekana na mtu aliye juu. Mwenye mzinga pale ndiye mwenye bandari, na mwenye bandari ndiye mwenye mji.

Kivulini, chini ya buruji, alikuwa ameketi mzee mmoja mwenye kanzu nyeupe na kofia ya Kiomani. Alitusikia tukizungumza.

"Msalkheri," akasema, kwa Kiswahili cha Unguja safi.

"Msalkheri, shikamoo baba."

"Marahaba. Mnatokea wapi?"

Shangazi akajibu kwamba yeye ni wa hapa hapa, ila huyu mtoto wa kaka yake katoka Mombasa. Mzee akafurahi. Akasogea, akatutengea nafasi kwenye kivuli, akasema, "Nyinyi mna ngome kubwa kuliko hii. Nimeiona. Ile tuliichukua sisi kwa Mreno."

Alisema *sisi* kwa fahari isiyo na ubaya wowote, kama mtu anavyosema sisi tulishinda mechi. Mimi nilinyamaza kwa adabu. Shangazi ndiye aliyejibu, tena kwa upole: "Mliichukua, baba, ni kweli. Na waliokuwamo ndani siku ile, waliokufa kwa njaa na maradhi, walikuwa akina nani?"

Mzee akafikiri. Kisha akasema, "Watu wa pwani, wengi wao." Hakukasirika. Aliitazama bahari kwa muda mrefu, halafu akaanza kutuuliza habari za bei ya karafuu. Lakini swali la shangazi halijaniondoka mpaka leo, na ndilo lililonifanya nizitazame ngome zetu zote kwa jicho jingine.

Wengi wetu tuliosoma Mombasa tulifundishwa Fort Jesus kama kisa cha watu wawili: Mreno na Mwarabu. Mreno aliijenga, Mwarabu akamtoa, Mwingereza akaja baadaye. Mwalimu wetu alitupeleka, tukapanda juu ya mizinga, tukapigwa picha, tukarudi. Watu wa mji wenyewe hawakuwamo katika kisa kile, ila kama umati uliosimama pembeni kungoja kujua nani atashinda. Kule Mutrah ndiko nilikoanza kuona kwamba ngome za Maskati na ile ya Mombasa ni jengo moja lililogawanywa na bahari, na kwamba umati ule wa pembeni ndio uliolipa gharama za pande zote mbili.

Kwanza, mtu aliyesababisha zijengwe ni mmoja. Mwaka 1581 nahodha wa Kituruki, Ali Bey, alitokea upande wa Yemen na vyombo vichache akaupora mji wa Maskati uliokuwa mikononi mwa Wareno. Wareno walikuwa wameushika mji ule tangu 1507, Albuquerque alipouchoma moto, na fedheha ya kuporwa iliwauma. Kabla ya muongo kwisha walikuwa wameimarisha ngome mbili kubwa kwenye midomo ya ghuba ya Maskati ya zamani, zile ambazo leo huitwa Mirani na Jalali. Ali Bey akageuza tanga. Mwaka 1585 na 1586 alipita pwani yetu, na miji mingi ikampokea kwa furaha, kwa kuwa ilichoka na ushuru na jeuri ya Mreno. Alirudi tena, akajenga boma Mombasa, na mwaka 1589 akanaswa huko, kati ya merikebu za Wareno zilizotoka Goa, makao yao makuu Bara Hindi, na wapiganaji wa Zimba waliotokea bara. Wareno walijifunza kwamba bila ngome Mombasa, pwani nzima itafuata bendera ya kwanza itakayopita. Mwaka 1593 wakaanza kujenga. Mchoraji wa ramani alikuwa Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano wa Milano aliyemtumikia mfalme wa Ureno na Hispania katika nchi za Mashariki.

Nakuomba msomaji, ukienda Fort Jesus tena, usikimbilie ukuta wa bahari. Uzunguke kwanza kwa nje, upande wa nchi kavu, ulitazame handaki. Limechongwa ndani ya mwamba wa matumbawe, pana na refu. Waliolichonga ni vibarua, na bila shaka wengi wao hawakuulizwa kama wanataka. Upande wa bahari hauna haja ya handaki, kwani bahari yenyewe yatosha. Handaki limechimbwa upande ambako watu wa mji walikuwa wakilala. Ngome inayosemwa kwamba ilijengwa kumzuia Mturuki, tangu siku ya kwanza ilijengwa pia kumzuia jirani.

Na jirani alikuwa na sababu. Mfalme wa Mombasa, Hasan bin Ahmad, aligombana na makapteni wa ngome mpaka akakimbilia bara, na mwaka 1614 akauawa huko kwa hila yao. Mwanawe Yusuf alichukuliwa mtoto akapelekwa Goa, akabatizwa, akapewa jina la Dom Jerónimo, akasomeshwa na kurudishwa kuwa mfalme wao. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni, akaitwaa ngome. Wareno walileta merikebu kutoka Goa kuizingira, wakashindwa. Jambo ambalo mimi humheshimu nalo Yusuf bin Hasan, pamoja na damu yote iliyomwagika mikononi mwake, ni lile alilolifanya mwaka 1632 kabla ya kuondoka: aliibomoa ngome kadiri alivyoweza, akaenda zake baharini. Katika watawala wote walioishika ngome ile, ndiye pekee ninayemjua aliyeona kwamba mawe yale yakibaki yamesimama yatamrudia mwenye mji.

Yalimrudia. Wareno walirejea, wakajenga upya, na juu ya lango wakaacha maandishi kwenye jiwe. Bado yapo. Anayejisifu pale ni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyepewa ngome mwaka 1635 akiwa na umri wa miaka 27. Anaorodhesha aliyoyafanya: amewatiisha watu wa pwani, amewatoza wafalme ushuru, amezivunja kuta za Pate na Siyu, amewaadhibu Wanyika wa bara, amewaua viongozi wa Pemba walioasi. Hakuna neno hata moja kuhusu Mturuki. Maadui wote waliotajwa kwenye lile jiwe ni watu ambao wajukuu zao wanapita chini yake leo na tikiti mkononi. Mimi nilipita chini yake utoto wangu wote na hakuna mtu mzima aliyenisomea.

Maskati nao walikuwa na siku yao. Mwaka 1650 Imamu Sultan bin Saif, wa ukoo wa Yaarubi, aliwatoa Wareno katika ngome zote mbili. Shangazi alinisimulia kisa ambacho Waomani wanakipenda sana, nacho kimo katika maandiko yao ya historia: kwamba kamanda wa Kireno alimtaka kwa nguvu binti wa mfanyabiashara mmoja wa Kibaniani aitwaye Narutem, na baba wa binti, badala ya kupigana, akamshauri kamanda kwamba maji ya visimani yameoza, nafaka imeingia wadudu na baruti imepoteza nguvu, kwa hiyo bora vyote vitolewe vibadilishwe. Ngome ilipobaki tupu, akampelekea Imamu habari. Mwanahistoria atauliza ushahidi, na ana haki. Lakini nimekipenda kisa kile kwa sababu wenye mji walichagua kumkumbuka mchuuzi na binti yake, watu wa chini ya ukuta, katika siku ambayo mashujaa wa upanga walikuwa wengi.

Habari za Maskati zilifika kwetu kwa upepo wa kaskazi. Miji ya pwani ikapeleka wajumbe kuomba msaada, na mwaka 1652 merikebu za Oman zilikuwa tayari zimefika Unguja. Mwezi Machi 1696 zikafika Mombasa, na mazingiwa ya Fort Jesus yakaanza. Yalidumu miaka miwili na miezi tisa. Ndani walikuwamo Wareno wachache na Waswahili wengi, wanaume na wanawake na watoto, waliokimbilia pale kwa kuwa walikuwa upande wa Mreno au kwa kuwa hawakuwa na pengine pa kukimbilia. Maradhi yakawachinja. Ulifika wakati, mwaka 1697, ambapo ngome ya mfalme wa Ureno ililindwa na Bwana Daud wa Faza na jamaa zake pamoja na Waafrika wenzake, kwa sababu Wareno walikuwa wamekwisha kufa. Merikebu za msaada zilikuja na kuondoka. Mojawapo, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya ngome na iko chini ya maji mpaka leo. Mwezi Desemba 1698 Waomani walipopanda ukutani, walinzi waliobaki hai hawakufika ishirini.

Hao ndio aliowaulizia shangazi pale Mutrah.

Kuna mwaka mmoja katika historia hii ambao naona tungeufundisha watoto kabla ya miaka mingine yote, nao ni 1729. Wareno walikuwa wameirudia Fort Jesus mwaka uliotangulia, Waomani walipokuwa wakipigana wenyewe kwa wenyewe. Jeuri ikarudi ile ile. Safari hii hakuna aliyengoja merikebu za mtu. Watu wa Mombasa wenyewe waliwashambulia Wareno, wakaizingira ngome, na mwezi Novemba Wareno wakasalimu amri. Kwa muda mfupi funguo za lango la Fort Jesus zilikuwa mikononi mwa wenyeji wa Mombasa. Kisha wakatuma ujumbe Oman, wakamwomba Imamu awaletee liwali.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi. Siwalaumu. Goa ilikuwa na merikebu na wao hawakuwa nazo, na walijua kwamba Mreno aliyekwisha kufukuzwa angeweza kurudi tena. Walitaka rafiki mwenye nguvu. Lakini rafiki alipofika aliingia ngomeni, akakaa humo, na lango likafungwa kwa ndani kama zamani. Maliwali wa ukoo wa Mazrui walikuja kuwa watawala kwa haki yao, wakaoana na wenyeji, wakawa watu wa Mombasa kabisa, na Muyaka bin Haji akawatungia mashairi yanayosomwa hadi leo. Naye Seyyid Said, mtawala wa Oman wa ukoo wa Busaidi, akataka ngome iwe yake. Alipoipata, mwaka 1837, wakuu wa Mazrui walikamatwa kwa hila na kusafirishwa mpaka Bandar Abbas, ng'ambo ya maji yale yale niliyokuwa nikiyatazama kutoka Mutrah, wakafia gerezani.

Siku iliyofuata shangazi alinipeleka Maskati ya zamani, mwendo mfupi kwa gari. Huko ndiko ziliko Mirani na Jalali, zimesimama pande mbili za kasri la Al Alam, na majabali ya ghuba yana majina ya meli yaliyochorwa kwa rangi na mabaharia wa kigeni waliopita. Ni pahala pazuri mno. Maua yamepandwa, njia zimefagiliwa, na mtu anayefika kwa mara ya kwanza ataona Jalali kama pambo. Shangazi aliniambia kwamba walipohamia, watu wazima walikuwa wakilitaja jina lile kwa sauti ya chini. Jalali ilikuwa gereza. Katika enzi ya Sultani Said bin Taimur lilikuwa jina la kutishia, na ngome ilibaki gereza hadi miaka ya 1970, kabla haijatengenezwa kuwa jengo la kumbukumbu.

Hapo ndipo nilipomkumbuka nyanya yangu mzaa mama.

Nyanya alikuwa na tabia ambayo sisi watoto tuliiona ya ajabu. Tukitoka Mji wa Kale kwenda mjini, tukikaribia Ngomeni, alikuwa akivuka barabara na kushika upande wa pili, na uso anaugeuza. Akishapita, anavuka tena. Hata jua liwe kali vipi na kivuli kiwe upande wa ngome, alivuka. Tulipokuwa wakubwa kidogo tuliambiwa. Kaka yake aliwahi kufungwa humo zama za Mwingereza, kwa ugomvi uliozuka kazini bandarini, na nyanya, wakati huo msichana, alikuwa akisimama nje asubuhi amwone akitolewa na wenzake kwenda kazi ngumu. Hakuwa na ruhusa ya kusema naye. Alitaka tu kaka yake ajue kwamba kuna mtu wa nyumbani amesimama pale. Kaka alitoka akiwa mzima lakini hakuwa mtu wa maneno tena. Nyanya hakuwahi kuingia Fort Jesus maisha yake yote, hata ilipokuwa makumbusho na wajukuu zake tukamwomba twende naye.

Waingereza waliifanya gereza mwaka 1895, na ilibaki gereza mpaka 1958. Ni miaka zaidi ya sitini. Makumbusho yalifunguliwa 1962, kwa hiyo, mpaka ninapoandika, umri wake kama makumbusho unakaribiana sana na umri wake kama gereza. Wakati wa utoto wangu ilikuwa bado haijafika hata nusu. Mwongozaji wetu alitueleza kwa urefu na ufasaha habari za mizinga. Habari za wafungwa alizipitia kwa sentensi moja.

Ukiifuata pwani utaiona hali hiyo kila mahali. Ngome ya Lamu, iliyokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1820, ilikuja kuwa gereza na ikabaki hivyo hadi 1984. Wapo watu wazima wa Lamu waliofungwa ndani ya jengo ambalo sasa lina maktaba. Ngome Kongwe ya Unguja, iliyojengwa na Waomani baada ya kumtoa Mreno, nayo iliwahi kuwa gereza. Mreno, Mwomani, Mazrui, Busaidi na Mwingereza walitofautiana dini, lugha na mavazi, na kila mmoja wao alimtoa mwenzake akidai amekuja kuwaokoa watu wa mji. Ilipofika kwenye ngome walikubaliana. Hakuna aliyeibomoa isipokuwa Yusuf bin Hasan. Mizinga iliendelea kutazama bahari, na adui wa baharini akishakwisha, kuta zile nene zilipata kazi nyingine, nayo ilikuwa kuwaweka ndani watu ambao mtawala hakutaka kuwasikia.

Sisemi haya ili ngome zetu zichukiwe. Nilifurahi sana mwaka 2011 UNESCO ilipoiweka Fort Jesus katika urithi wa dunia, na nikiingia Ngome Kongwe usiku wa tamasha nikasikia taarabu ikipigwa ndani ya kuta zile, naona kwamba hatimaye lango limefunguliwa kwa watu waliostahili kuingia bila pingu. Napenda pia kwamba bwana harusi na bibi harusi wa Mombasa huenda kupigiwa picha Ngomeni. Majengo haya ni mazuri na yamejengwa kwa akili kubwa. Lakini uzuri umetufanya wavivu. Tunawapeleka watoto juu ya mizinga waone walikotokea maadui wa nje, na hatuwapeleki kwenye lango wasomewe jiwe la Cabreira, wala hatuwaonyeshi handaki na kuwauliza limetazama upande gani. Mtoto aliyeulizwa swali hilo akiwa na miaka kumi atakuwa raia mwingine akiwa na miaka thelathini. Atajua kumuuliza kila mkombozi anayefika mjini kwake: ukishamtoa huyu, ngome utaifanya nini?

Ninaandika haya pia kwa sababu wakati umetubana. Mtu aliyekuwa na miaka ishirini gereza la Fort Jesus lilipofungwa, sasa ni mzee sana, na kila mwaka wanapungua. Waliokuwa ndani, waliokuwa askari wa zamu, waliokuwa wakisimama nje kama nyanya yangu, wengi wameondoka na habari zao. Historia ya makapteni wa Kireno tunayo, kwa sababu waliiandika wenyewe na kuipeleka Goa na Lisbon. Historia ya wafungwa wa miaka ile iko vichwani mwa watu wa Kuze, Makadara, Kisauni na Likoni, na Lamu wapo walio na kumbukumbu za karibu zaidi.

Kama nyumbani kwenu yuko mzee wa namna hiyo, kaa naye wiki hii. Tumia simu yako kumrekodi. Muulize alifungwa kwa nini, chumba kilikuwa upande gani, walikula nini, nani alikuja kumwona. Andika jina lake kamili na mwaka, kisha peleka nakala kwenye makumbusho, uombe iwekwe pamoja na habari za mizinga.